Kilio cha Abdullah juu ya Ngome ya Melaka

Mwenye kuzuru mji wa Melaka, katika pwani ya magharibi ya Malaysia, hupelekwa kwanza kwenye uwanja wa majengo mekundu. Pale lipo kanisa la Waholanzi lililokamilika mwaka 1753. Ipo nyumba kubwa waliyokaa magavana wao. Na upo mnara wa saa wa mwaka 1886, uliotolewa na jamaa tajiri ya Kichina. Baiskeli za magurudumu matatu, zilizopambwa kwa maua na taa za rangi, hungojea abiria kivulini, na muziki wake husikika toka mbali. Kutoka hapo mgeni hupanda kilima cha Mtakatifu Paulo, ambako magofu ya kanisa lililoanzishwa na Wareno mwaka 1521 yasimama bila paa. Kisha hushuka upande wa pili wa kilima hata afike kwenye lango moja la mawe, jeusi kwa ukongwe. Kwa macho ya mgeni, lango hilo ndilo salio la ngome iliyoitwa A Famosa, yaani Mashuhuri.

Mimi nalifikia lango hilo saa tisa mchana, nikiwa na tafsiri ya Kiingereza ya Hikayat Abdullah, iliyofanywa na A. H. Hill na kutolewa mwaka 1955. Nalitaka kuisoma sura ya kuvunjwa kwa ngome mahali pale pale ilipovunjwa. Wapita njia waliokuwa wakipiga picha waliliita lango la Wareno. Kwa asili yake hawakukosea. Walakini juu yake imechongwa tarakimu ya 1670, pamoja na nembo ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Bahari, ambayo zamani ilipiga karibu na kuta, imesukumwa mbali kwa kujazwa udongo. Aliyesimama langoni leo haoni maji, huona barabara na maduka. Nikatambua kwamba jiwe peke yake halisemi mengi, na hayo machache lisemayo huenda yakampoteza msikilizaji. Hapana budi kukiuliza kitabu.

Abdullah bin Abdul Kadir alizaliwa Melaka mwishoni mwa karne ya 18, katika ukoo uliochanganya damu ya Uarabuni na ya India ya Kusini. Aliitwa Munshi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufundisha lugha. Aliwasomesha Kimalay askari, wafanyabiashara na wamisionari, na katika ujana wake alikuwa mwandishi wa Stamford Raffles. Habari za maisha yake alizimaliza kuandika mwaka 1843, kwa Kimalay cha herufi za Kiarabu, zikapigwa chapa Singapore mwaka 1849. Mwaka 1854 akafariki katika safari ya Hija. Msomaji wa Kiswahili hataona ugeni mwingi hapa. Hikayat ni hekaya yetu. Wamalay huulizana khabar kama sisi tuulizanavyo habari. Na dunia kwao ni dunia. Tofauti ni kwamba neno hekaya kwetu hunukia uzushi, na Abdullah alilitumia kwa mambo aliyoyashuhudia. Katika fasihi iliyozoea kusimulia enzi za wafalme, huyu alithubutu kuandika mimi.

Sura ninayoizungumza yahusu mwaka 1807. Waingereza walikuwa wameishika Melaka tangu mwaka 1795, Uholanzi ilipoingia mikononi mwa Wafaransa, nao walijua kwamba yamkini siku moja itawabidi kuurudisha mji. Hawakutaka kurudisha ngome yenye nguvu, wala bandari ya kushindana na yao ya Penang. Basi ikatoka amri ya kubomoa, na William Farquhar, aliyekuwa mkuu wa mji, akaitekeleza. Abdullah asimulia jinsi vibarua walivyoogopa mashetani waliosadikiwa kukaa katika kuta zile. Jinsi ujira ulivyopandishwa ili watu wapatikane. Jinsi sululu zilivyoshindwa na msingi. Na jinsi baruti ilivyotiwa hata mapande makubwa kama tembo yakarushwa baharini. Halafu auangalia mji uliovuliwa kuta zake, na kuufananisha na mwanamke aliyefiwa na mumewe, uso wake ukapoteza nuru.

Kuna jambo moja ambalo mhakiki lazima alitaje mapema. Abdullah alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi wakati wa tendo, na alipoandika alikuwa amepita arobaini. Kwa hiyo sura hii ina macho mawili. Jicho la mtoto ndilo lililoona mawe yakiruka na watu wazima wakitetemeka, nalo ndilo lililoipa sura uhai wake. Jicho la mtu mzima ndilo lililotia maombolezo. Mtoto alistaajabu, aliyelia ni mzee. Nadhani nguvu ya maandishi haya yatoka katika kutotengana kwa macho hayo. Tungekuwa na la mtoto tu, tungepata kioja. Tungekuwa na la mzee tu, tungepata mahubiri.

Sasa tulikabili shtaka. Wako wasomaji wa Malaysia waliomwona Abdullah kuwa mtumishi aliyewapenda mno Waingereza, na kilio chake juu ya ngome chaweza kuongezwa katika hati ya mashtaka. Ngome ile ilikuwa ya nani? Afonso de Albuquerque alipouteka mji mwaka 1511 na kumfukuza Sultani Mahmud Shah, aliijenga chini ya kilima kilichokuwa makao ya masultani, na husimuliwa kwamba mawe yalichukuliwa katika misikiti na makaburi ya wafalme. Basi kuililia ngome hiyo ni kulilia jiwe lililoporwa kaburini. Msomaji wa pwani yetu ataliona jambo hili kwa uchungu zaidi akijua kwamba Tomé Pires, Mreno aliyekaa Melaka mara baada ya kutekwa kwake, aliwataja watu wa Kilwa na wa Malindi miongoni mwa wafanyabiashara wa bandari ile, na kusema kwamba lugha 84 zilisikika pale. Mikono iliyoivunja Melaka mwaka 1511 ni ya dola ile ile iliyoishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Waliokutana sokoni wakakutana na msiba mmoja.

Hata hivyo sikubali kwamba Abdullah alikosa kwa kulia. Miaka karibu 300 ilikuwa imepita tangu Albuquerque. Kwa mtoto wa Melaka ukuta ule ulikuwa umekoma kuwa wa Wareno, kama ulivyokoma kuwa wa Waholanzi; ulikuwa sura ya mji wake, mahali jua lilipochwea, alama ya kuwaonyesha wageni. Mji wa bandari hujengwa na wengi, na wengine kati yao ni maadui. Mzaliwa wake hawezi kuyachambua mawe, haya nikayapenda na haya nikayachukia, kama achambuaye mchele. Tena Abdullah mwenyewe hakuwa na asili moja ya kuisimamia. Alikuwa mwana wa bandari, na aliipenda nzima.

Zaidi ya hayo, kitabu chake chatoa ushahidi kwamba hakuupenda utawala wa kale kwa upofu. Asimulia jinsi Lord Minto, alipopita Melaka mwaka 1811 akienda kuiteka Java, alivyoamuru vyombo vya kutesea watu vilivyotumiwa na Waholanzi vichomwe moto. Abdullah hana chozi kwa ajili ya vyombo hivyo. Afurahi navyo vikiungua. Kwa hiyo alijua kutofautisha. Ukuta aliuombolezea, na zana za mateso alizilaani, ingawa vyote viwili vilitoka kwa watawala wale wale. Anayemshtaki kwa sura ya kwanza imempasa aisome na hii ya pili.

Lakini hapa ndipo nionapo kasoro yake ya kweli, nayo si ile aliyoshtakiwa. Mkono uliochoma zana za mateso ulikuwa wa Kampuni ya Waingereza. Mkono uliotia baruti chini ya ukuta ulikuwa wa Kampuni hiyo hiyo. Abdullah ayaona matendo mawili, lakini hayaunganishi. Anapozungumza juu ya Waingereza, huzungumza juu ya watu: Raffles na adabu yake, Farquhar na upole wake, Minto na huruma yake. Utawala wenyewe, ambao kwa hesabu ya biashara waweza kumwachilia mfungwa leo na kuuangamiza mji kesho, haupati jina. Wala si kwamba hakuwa na akili ya kuona mambo ya utawala. Katika habari za safari yake ya Kelantan ya mwaka 1838, awasema marajah wa Kimalay kwa ukali, na kuonyesha jinsi dhuluma yao ilivyowavunja raia moyo wa kulima na kujenga. Pale aliona mfumo. Kwa marajah alitazama dola, kwa Waingereza alitazama mabwana wema. Mizani aliyokuwa nayo ilikuwa njema. Aliitumia upande mmoja tu.

Upungufu huo waonekana wazi zaidi tukiiweka sura yake kando ya Al-Inkishafi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir naye aliishi zama hizo, naye aliyatazama magofu, ya Pate, akaufundisha moyo wake kwamba dunia haina dawamu. Abdullah pia amalizia kwa kukumbusha kuwa mambo ya dunia hayakai. Fundisho ni moja, lakini mahali pake si pamoja. Pate ilididimia kwa vita na kwa kupotewa na biashara, kizazi baada ya kizazi, hata haiwezekani kumshika mtu mmoja na kumwambia, wewe ndiwe. Mshairi alipoirejesha habari kwa Mwenyezi Mungu hakuwa akimficha mtu. Melaka haikuanguka hivyo. Ilibomolewa kwa amri iliyoandikwa, na kwa ujira uliolipwa, na mwenye kutekeleza alijulikana kwa jina. Kusema hapo kwamba dunia hupita ni kusema kweli isiyotosha. Maneno ya ucha Mungu yametumika kama pazia, nyuma yake afisa mmoja akapita salama. Sidhani kwamba Abdullah alikusudia hila. Nadhani alilia kwa dhati, kisha akaogopa mahali ambapo kilio kingempeleka.

Baada ya kusoma nalikwenda hatua chache tu kutoka langoni, penye jumba kubwa la mbao lililojengwa katika miaka ya 1980. Ni mfano wa kasri ya Sultani Mansur Shah, aliyetawala Melaka katika karne ya 15. Kasri yenyewe haikubakiza ubao hata mmoja. Waliolijenga jumba hili walifuata maelezo ya Sejarah Melayu, kitabu cha habari za masultani ambacho kilitengenezwa upya mwaka 1612, karne nzima baada ya ufalme kuanguka. Hapo nikaona ajabu ya mji huu. Wageni waliacha mawe, na mawe yakavunjwa. Wenyeji waliacha maneno, na maneno yamejenga nyumba. Hata ngome yenyewe, ukiondoa lango lile na misingi iliyofukuliwa hivi karibuni, yasimama imara zaidi katika kurasa chache za Abdullah kuliko ardhini.

Kwa sababu hiyo namhesabu Abdullah miongoni mwa waandishi ambao ingetufaa kuwa nao kwa Kiswahili, si licha ya kasoro yake, bali pamoja nayo. Sisi pia tunayo mawe ya namna hiyo. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ikachukuliwa na Waomani mwaka 1698, ikafanywa gereza na Waingereza. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia, kama ilivyoingia Melaka mwaka 2008. Mtoto wa Mombasa aweza kuipenda ngome hiyo, wala pasitokee wa kumlaumu. Lakini atakayeiandika ajifunze kwa Munshi mambo mawili. La kwanza, asione haya kuulilia mji wake kama alivyoukuta. La pili, akiisha kulia, afute machozi na kuuliza amri ilitoka kwa nani, na kwa faida ya nani. Abdullah alitimiza la kwanza kwa uzuri usiosahaulika. La pili alituachia sisi.