Moyo wa Mkia

Mwaka 2019 wanasayansi waliwapa majina ya Kiswahili wanyama waliokufa kabla hajazaliwa mtu wa kuwaita. Februari alitangulia Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosaria mla majani aliyechimbuliwa kwenye genge la mto Mtuka, bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Aprili akafuata Simbakubwa kutokaafrika wa magharibi mwa Kenya, mwindaji aliyeishi takriban miaka milioni 22 iliyopita. Mwalimu wangu wa sarufi angelipiga jina hilo kalamu nyekundu: simba huwa mkubwa, hawi kubwa. Na wala hakuwa simba. Ukoo wake ulikwisha kutoweka. Mimi nimewasamehe waliomwita hivyo. Taya lake lilikaa miongo kadhaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi, na kama aliyeliweka hapo angekuwa mzembe, leo tusingekuwa na jina la kubishania.

Hao ndio ninaowasifu: watunzaji, wachimbaji, wasafishaji. Mfupa ukichungulia mwambani, fundi hauchokonoi. Huufagia kwa brashi, huunywesha gundi nyepesi penye ufa, huufunika kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa, kisha hubandika juu yake vipande vya gunia vilivyochovywa plasta, kama anavyofungwa aliyevunjika mguu. Plasta ikikauka, hukata udongo wa chini na kuupindua mzigo mara moja. Hapo watu hunyamaza, maana mfupa usioshikwa vizuri humwagika kama unga. Maabarani nako kazi ni ya sindano, chembe baada ya chembe. Mwamba na mfupa huweza kufanana rangi, na mara nyingi mkono hutambua mpaka wake kabla ya jicho. Ile pingili ya mkia iliyompa Mnyamawamtuka jina lake ina uso wenye umbo la moyo. Mtu mwenye haraka angeukwangua ukingo wa uso huo, na moyo ungeishia kwenye vumbi la sakafuni.

Mwaka huohuo wa 2019 lilitolewa jina la tatu, la dinosaria mwingine, nalo ndilo linalonigusa zaidi: Wamweracaudia keranjei. Mifupa yake ilitoka Tendaguru, Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha na kuhamisha zaidi ya tani 200 za visukuku. Wapagazi walivibeba kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandarini. Sehemu ya kwanza ya jina ni ya kabila la Wamwera. Ya pili ni ya Mohammadi Keranje, aliyeshiriki kazi ile. Heshima hiyo ilichukua zaidi ya miaka mia moja kumfikia.

Mifupa mingine ilifungwa ndani ya mianzi iliyopasuliwa, ikasafiri hivyo hadi Berlin. Baadhi ya mafurushi hayo yalimaliza karne nzima bila kufunguliwa, na mianzi ya Lindi ikiwa bado imekumbatia mifupa.