Neno «Mbadala» na Mgonjwa wa Saratani

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyotungwa Tanzania mwaka 2002, ililipa neno mbadala hadhi ya istilahi. Neno hili ni la jamii moja na badala na badili, nalo lataja kitu kishikacho mahali pa kingine. Hapo ndipo penye kasoro. Mgonjwa wa saratani anywaye mitishamba na kuomba dua, huku akiendelea na matibabu ya hospitali, hakubadili kitu, ameongeza.

Wala haitoshi kusema kwamba mbadala ni ile itokayo mimeani. Vinkristini, dawa itumiwayo hospitalini kutibu saratani ya damu tangu miaka ya 1960, hutokana na mmea wa maua wenye asili ya Madagaska.

Mfano wa Samunge, Loliondo, waonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wenye saratani miongoni mwao, walimwendea Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, wakanywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Mti uliochemshwa, mugariga, haukuwa mgeni; lakini mchungaji alisema kwamba ameagizwa na Mungu katika ndoto, na kwamba dawa haifai ila itolewe kwa mkono wake. Basi watu hawakuitaja kwa jina la mti wala kwa jina la sheria, waliita kikombe. Jina hilo lataja tendo la imani, si mzizi, nalo ni sahihi zaidi.

Hata hivyo, usahihi wa jina si ushahidi wa dawa. Haikuthibitishwa kwamba kikombe kiliponya saratani, na wako waliotoka wodini kukifuata wakafia njiani.

Kiswahili hutofautisha kutibu, kuponya na kufariji. Daktari hutibu; muumini humwachia Mungu kuponya; jamaa, shehe na padre hufariji. Matendo haya hayanyang'anyani nafasi. Mbadala huyachanganya, likamlazimisha mgonjwa kuchagua au kuficha. Na kuficha kuna hatari, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hupingana na dawa za saratani.

Yafaa basi mbadala iitwe ile tu inayokusudiwa kushika nafasi ya matibabu ya hospitali. Inayoandamana nayo iitwe tiba saidizi. Na dua ibaki dua. Hapo mgonjwa ataweza kumweleza daktari yote anywayo, asidhaniwe kuwa amemwacha.