Kasarani Indoor: Paa Kubwa, Nyumba ya Nani?

Jengo la umma tulisome vile tunasoma riwaya: liliahidi nini, limetimiza nini? Kwa kipimo hicho, ukumbi wa ndani wa Kasarani, ule wengi bado tunauita Gymnasium, ni hadithi nzuri iliyoachwa katikati.

Ulijengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Una viti 5,000 hivi, na mashabiki wakipiga kelele, kelele haina pa kutorokea. Malkia Strikers walipotwaa ubingwa wa Afrika humo 2013, ahadi ya jengo ilionekana wazi: watu wasiojuana wakipumua pamoja.

Ila siku hizi ukisikia umejaa, uliza kwanza ni chama gani. Jubilee ilizinduliwa hapo Kasarani Septemba 2016. Machi 2022, UDA ikamwidhinisha William Ruto papo hapo. Sina ubaya na siasa. Wanasiasa pia hunyeshewa. Shida ni kwamba mjumbe anapokelewa kama mwenyeji, kijana wa Mwiki anabaki mgeni. Na hatujasahau Aprili 2014, polisi walipofanya uwanja wa Kasarani mahali pa kuzuilia watu, wengi wao Wasomali waliokamatwa Eastleigh. Mahali pa umma panaweza kukukumbatia au kukufungia. Inategemea nani ameshika ufunguo.

Sasa tazama Kigali. BK Arena ilifunguliwa 2019, watu 10,000. Kendrick Lamar alipiga shoo hapo Desemba 2023. Mwaka wa 2025, Nairobi City Thunder, timu ya kwanza ya Kenya kufika Basketball Africa League, ilicheza mechi zake za makundi hukohuko. Timu ina jina la jiji letu, lakini kuiona live ulihitaji nauli ya kuvuka mipaka.

Wengi watasema dawa ni kujenga ukumbi mkubwa zaidi. Mimi naona tutapata tu kufuli kubwa zaidi. Ukumbi haupimwi na usiku wa staa wa Marekani. Pima Jumanne jioni: je, wasichana wa Githurai wanaweza kuingia na mpira wao wa voliboli, walipe pesa wanayoweza, wacheze hadi saa mbili, kisha wapande mathree warudi nyumbani? Jibu likiwa ndiyo, hapo tuongee kuhusu Kendrick.