Brayan si kosa, lakini Rayan tuangalie

Wasomi wenzangu, tuna tabia moja inaniuzi. Tukiona "Brayan" kwenye orodha ya kalasi tunacheka: wazazi hawakusoma, waliandika vile walisikia.

Basi tuangalie nani hakusoma. Brian ni jina la Ayalandi. Mfalme wao Brian Boru aliuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Kwa lugha yao ya zamani linatamkwa karibu na "Bri-an". Ile "Bra-yan" ni mdomo wa Kiingereza. Na Kevin je? Kwao linaandikwa Caoimhín. Mtu alisikia sauti, akaiweka kwa herufi za Kiingereza, na leo hakuna anayemcheka. Mama wa Lusangi anayesikia "Bra-yan" kwenye filamu na kuandika Brayan amefanya kazi ile ile, tena ameifanya muzuri, juu kwetu a ni a na y ni y. Angeandika Brian, mwalimu aliyezoea Kifaransa angeita "Bri-yan" kila asubuhi, na mutoto asingeitika.

Kwa hiyo Brayan waache. Mahali ambapo mimi mwenyewe nimekwama ni Ryan.

Dada yangu amezaa. Yeye ni Mkatoliki, shemeji ni Mwislamu, na huku Kasongo na Kabambare hilo si jambo la kushangaza. Wote wawili wanapenda jina moja, wanalitamka sawasawa, familia zinakula muchele kwenye sahani moja. Shida iko kwenye karatasi. Dada anataka Ryan, na Ryan ni ukoo wa Ayalandi, Ó Riain, lililogeuka kuwa jina la mtoto. Shemeji anataka Rayan, na yeye anasikia Ar-Rayyan, ule mlango wa peponi watakaoingilia waliofunga. Hapa hatuchagui tena namna ya kuandika jina. Tunachagua jina lingine kabisa.

Mimi nilisema Rayan. Si kwa ajili ya dini: nilisema mwalimu atalisoma bila kukosea, na diploma haitapingana na cheti cha kuzaliwa. Dada akaninunia. Akasema, "Kaka, hoja yako ni ya herufi, lakini wenye kushinda ni wakwe zangu." Nikakosa jibu. Ni kweli, nilijifanya mtu wa katikati wakati kila herufi ilikuwa na upande wake. Hapo ndipo naona kicheko chetu kwa Brayan ni cha bei rahisi: tunahangaika na kosa lisilokuwepo, na lile lenye uzito tunalipita juu linasikika sawa.

(Sheria ya Familia ya 1987 iliandika kwamba majina yachotwe katika utamaduni wa Kongo. Tukiifuata hivyo, Ryan na Rayan wote wanabaki nje ya mlango.)

Muda wa kuandikisha ni siku 90. Zimebaki 40 hivi. Bibi yetu hasomi, na mabishano yamemchosha. Yeye anamwita mutoto kwa jina la marehemu babu, na mutoto akisikia anageuza kichwa.