Kazi ya Timu Ndani ya Second Life

Second Life ni ulimwengu pepe uliozinduliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Anayeingia humo hujiundia umbo, yaani avata, kisha hutembea, huzungumza na kujenga pamoja na watu walio mbali naye. Vyuo vikuu kadhaa vilikodi ardhi humo na kujenga kumbi za mihadhara. Uamuzi huo haukufaa sana kwa mafunzo ya ushirikiano, kwani mhadhara haumlazimu mwanafunzi kumtegemea mwenzake. Chuo cha St George's cha London, katika mradi wa PREVIEW uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Coventry, kilifanya vizuri zaidi: kiliwapa wanafunzi wa huduma za ambulensi mgonjwa wa kumhudumia kwa pamoja.

Katika zoezi hilo, kikundi kidogo kilifika kwenye tukio na kumkuta majeruhi. Kilipaswa kuamua nani apime mapigo ya moyo, kifaa gani kitangulie, na lini mgonjwa apelekwe hospitali. Maelezo ya kisa hayakufungiwa ndani ya Second Life. Yaliwekwa kwenye seva ya nje, katika mfumo wa PIVOTE uliotengenezwa na kampuni ya Daden. Vifaa vilivyoguswa na avata viliuliza seva na kuleta jibu. Kwa hiyo mwalimu aliweza kurekebisha kisa kupitia kivinjari cha intaneti, bila kumsubiri fundi ajenge upya mandhari. Hilo ndilo jambo la kuigwa kuliko yote.

Ujenzi nao hufundisha ushirikiano, kwa sababu Second Life haikubali kuunganisha kuwa kitu kimoja vipande vya wamiliki wawili tofauti. Wanafunzi wanaojenga daraja hulazimika kukubaliana mapema nani atamiliki nini na nani apewe ruhusa ya kurekebisha.

Ugumu upo. Mgeni huchukua muda kuzoea kuiongoza avata, kompyuta dhaifu hukwama, na kodi ya ardhi ni kubwa. Mwaka 2010 Linden Lab ilitangaza kufuta punguzo la nusu bei kwa taasisi za elimu. Baadhi zikahamia OpenSimulator, na punguzo likarejeshwa mwaka 2013. OpenSimulator ni programu huria inayoweza kuendeshwa kwenye seva ya chuo chenyewe, na kwa chuo chenye bajeti ndogo ndiyo njia nafuu ya kuanzia.