Mlango Usiofunguliwa: Taharuki Ilivyojengwa katika Filamu ya “7500”

Rubani anapoingiza namba 7500 kwenye transponda, waongoza ndege walio ardhini wanajua, bila yeye kutamka neno, kwamba ndege imetekwa. Namba 7600 ni ya redio iliyokufa, na 7700 ni ya dharura nyinginezo. Patrick Vollrath, mwongozaji Mjerumani, aliichukua hiyo ya kwanza akaifanya jina la filamu yake ndefu ya kwanza, iliyooneshwa kwenye tamasha la Locarno mwaka 2019. Sijaona filamu nyingine ya ndege iliyopata hofu kubwa namna hii kwa vifaa vichache namna hii.

Kisa ni chepesi kusimulia. Airbus inaondoka Berlin usiku kwenda Paris. Rubani msaidizi ni Mmarekani, Tobias, anayeigizwa na Joseph Gordon-Levitt. Mzazi mwenziwe, Gökce, ni mhudumu kwenye ndege hiyohiyo. Muda mfupi baada ya kupaa, watekaji wenye visu vya vioo wanavamia pale mlango wa chumba cha marubani unapofunguliwa. Mmoja anafanikiwa kuingia, anamchoma nahodha na kumjeruhi Tobias mkono. Tobias anamshinda, anamfunga na kuubana mlango. Wengine wanabaki nje, pamoja na abiria wote na mama wa mtoto wake.

Hapo ndipo Vollrath anapofanya uamuzi unaoibeba filamu nzima. Ukiacha picha za mwanzo za kamera za ulinzi uwanjani, zisizo na sauti, kamera yake ikishaingia kwenye chumba cha marubani haitoki tena. Hatuoni ndege ikikata mawingu wala abiria wakipiga mayowe kwenye viti vyao. Mtazamaji anafungiwa na Tobias, na kanuni inayomzuia Tobias kufungua mlango inamzuia na kamera pia.

Kanuni hiyo haikubuniwa na mwandishi wa filamu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa na kufungwa kwa ndani safari nzima. Na watazamaji wa Ujerumani hawakuhitaji kukumbushwa kwamba kinga hiyo ina makali pande mbili: Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings alimfungia nje nahodha wake, akaiangusha ndege kwenye milima ya Alps kusini mwa Ufaransa, na watu 150 wakafa. Vollrath hataji tukio hilo hata kidogo. Linakaa kichwani mwa mtazamaji na kuufanya mlango ule uwe mzito zaidi.

Dunia ya nje inamfikia Tobias kupitia skrini ndogo inayoonesha eneo lililo mbele ya mlango. Picha ni finyu na hafifu. Mtekaji anamleta abiria mbele ya kamera, anamwekea kioo shingoni, anataka mlango ufunguliwe. Tobias anasihi, analia, hafungui. Baadaye anayeletwa ni Gökce. Mwongozaji mwingine angetupeleka upande wa pili tuone uso wake kwa karibu, machozi na damu. Vollrath anatuachia kile anachokiona Tobias, mwili mdogo kwenye skrini, kisha anaigeuza kamera kwenye uso wa mwanamume ambaye mkono wake uko karibu kabisa na swichi ya mlango. Mauaji yenyewe tunayaona kidogo sana, na bado sijui tukio lililo gumu kulitazama kuliko hilo.

Ugumu huo umeandaliwa mapema. Sehemu ya kwanza ya filamu, ambayo wengine wataiona inasuasua, imejaa kazi ya kawaida: kukagua vifaa, kusoma orodha, kuzungumza na mnara. Anayemwigiza nahodha, Carlo Kitzlinger, aliwahi kuwa rubani kweli, na mikono yake inajua inakokwenda. Katika dakika hizo tunajifunza bila kufundishwa swichi ya mlango iko wapi, skrini iko wapi, simu ya ndani inatumikaje. Balaa linapoingia hakuna anayelazimika kutueleza chochote.

Sauti nayo imefanyiwa kazi ya pekee. Hakuna muziki wa kutuambia tuogope saa ngapi. Kuna mngurumo wa injini, vilio vya vifaa vya tahadhari, sauti tulivu za waongoza ndege redioni, na watekaji wanaougonga mlango, wanagonga, wanaendelea kugonga. Kishindo hicho kinafanya kazi ya ngoma, tofauti ni kwamba Tobias naye anakisikia.

Linganisha na “Non-Stop” ya Jaume Collet-Serra ya mwaka 2014, ambayo wengi wetu tuliitazama tukimsaka Lupita Nyong'o, aliyeigiza mhudumu aitwaye Gwen. Mle kamera inapita kila kiti, na ujumbe wa simu anaotumiwa Liam Neeson unaandikwa hewani mbele yetu. Swali ni nani muuaji, hivyo lazima tuoneshwe kila mtu ili tumshuku kila mtu. Ni burudani nzuri, lakini ukishamjua mhalifu, imekwisha. Swali la Vollrath ni kama mtu atafungua mlango, na hilo halifi ukishajua jibu.

Hata hivyo mbinu hii ina gharama, na wanaoilipa ni watekaji. Ni Waislamu, kama ilivyozoeleka mno katika filamu za aina hii, na kwa kuwa kamera haiendi waliko, wengi wao wanabaki kuwa kelele na ngumi. Kumfanya Gökce awe mwenye asili ya Kituruki hakutoshi kusawazisha picha hiyo. Anayepewa utu ni Vedat, kijana wa miaka 18 anayeigizwa na Omid Memar, na anaupata kwa sababu moja ya kiufundi: yeye anaingia ndani. Akishakuwa kwenye chumba kile tunamwona akitetemeka na kuzungumza na mama yake kwa simu, na anakuwa mtu. Kwa bahati mbaya akishaingia, mlango hauamui tena kitu, na theluthi ya mwisho inategemea mazungumzo ambayo hayakuandikwa kwa ustadi wa kulingana na yale yaliyotangulia. Vedat alipaswa kuingia mapema zaidi, wakati mlango bado una kazi.