Mwas na sisi, Jumamosi usiku

Jumamosi tulikuwa watu saba, laptopu moja, chumba kimoja hapa Kakuma. Chai ya rangi ipo, mandazi yapo, betri ya sola imejaa. Tukaangalia Nairobi Half Life, filamu ya David "Tosh" Gitonga ya 2012. Sheng ilitupita kidogo sisi wa Kongo. Rafiki aliyesomea hapa akatufasiria.

Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza diski za filamu huku akiigiza vipande vyake mbele ya wateja. Anataka kuwa mwigizaji, basi anapanda gari kwenda Nairobi. Siku ileile anaibiwa kila kitu. Baadaye anafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, na huku anaiba vipuri vya magari.

Wengi huguswa pale anapoibiwa. Sisi tulinyamaza mapema zaidi: pale anapopanda gari tu, bila kibali cha kusafiri. Mmoja akasema, "Kumbe mtu anaamua tu, anaenda."

Uzuri wa filamu hii ni kwamba haimhukumu Mwas, wala haimtetei. Filamu za uwanjani zinaisha na swali: tumejifunza nini? Nyumbani hakuna aliyeuliza, ndiyo maana tulibishana mpaka betri ikaisha.

Kasoro ipo. Amina anapendwa na wanaume wawili, lakini ndoto zake mwenyewe hatuzijui vizuri. Dada mmoja akauliza, "Na huyu, Nairobi alifuata nini?" Hatukuwa na jibu.

Iangalieni. Ila muwe na watu wa kubishana nao.